Tundu la Senti Kumi

Nimeishi katika miji mingi inayolizunguka ziwa hili, na kila mji niliouhama niliuhama na mizigo ileile: begi la nguo, redio iliyopoteza kifuniko cha betri, na kopo la tumbaku lililojaa sarafu za Mwingereza. Watu huniuliza kwa nini sarafu. Huwa nawajibu kwamba ni kwa sababu hazina uzito wa kumzuia mtu. Mtu asiyetulia hawezi kukusanya makabati.

Lakini kuna sababu nyingine. Nilizaliwa wakati sarafu hizo bado zinanunua kitu. Nikiwa mdogo mama alikuwa akinituma mafuta ya taa na senti kumi ya shaba, kubwa, yenye tundu katikati, na njiani nilikuwa nalichungulia ziwa kupitia tundu lile. Ziwa zima lilienea humo, pamoja na visiwa vyake. Baadaye nchi ikapata fedha yake yenyewe, na zile za zamani zikatoka madukani zikaenda kuanza maisha mengine. Mafundi wa mabati walizitumia kama washa chini ya misumari. Mafundi baiskeli vilevile. Wanawake walizitunga kwenye nyuzi wakazivaa. Nyingine zilibaki ndani ya makopo, zikisubiri mtu asiye na kazi ya maana aje azimwage mezani.

Kuzisoma nilijifunza ukubwani, Kisumu, kutoka kwenye kitabu cha Kiingereza kilichoingia nchini ndani ya robota la mitumba. Hakikuwa na jalada, na kurasa za sarafu za dhahabu zilikuwa zimechanwa na mtu aliyeniwahi. Zilizobaki zilinitosha. Nilijua kwamba peni, ile senti kubwa ya Uingereza, ya malkia wa zamani ipo ya aina mbili: kwenye moja ni msichana mwenye kifundo cha nywele kisogoni, kwenye nyingine ni mjane mwenye shela, na ni mtu yuleyule. Nilijua kwamba kando ya mwaka, kwenye peni chache, kuna herufi ndogo sana inayosema sarafu haikupigwa London bali kwenye kiwanda cha mtu binafsi, na kwamba herufi hizohizo zimo kwenye senti zetu za Afrika Mashariki. Nilijua kuna senti kumi za mfalme aliyekiacha kiti kabla hajavishwa taji, na kwamba senti za mfalme aliyemfuata zipo nene na zipo nyembamba. Mambo haya hayakuwahi kunipa mkate. Lakini kila nilipofika mji mpya nisikomjua mtu, nilikuwa na kitu cha kuuliza watu, na watu hupenda kuulizwa juu ya vitu vyao vya zamani.

Kuhusu uchakavu, kitabu kilikuwa na ngazi ndefu zenye majina ya Kiingereza. Mimi nilijitengenezea zangu. Shilingi yenye kichwa cha mfalme, kama nyusi na masikio yake bado yamesimama, niliiita "anaona". Nyusi zikiisha, "anapapasa". Uso ukibaki kama mlima wakati wa ukungu, "kipofu". Kitabu kilisema vipofu hawana thamani, ila wa miaka adimu, nami kwa muda mrefu nilikubaliana nacho. Kopo langu lilikuwa na watu wanaoona tu.

Mwanza nilifika katikati ya miaka ya tisini. Mji ulikuwa unachemka. Ndege kubwa za mizigo zilikuwa zinakuja kuchukua minofu ya sangara, viwanda vya samaki vinajengwa kando ya maji, na pale ambapo zamani ulipanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni, sasa kulikuwa na sabuni za rangi zote na hakuna foleni. Nilipata kibarua cha kuandika mizigo bandarini na chumba cha kupanga Pasiansi, kwa mama mmoja mjane ambaye nyumba yake iliegemea jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Alikuwa Msukuma, mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, msimamizi wa kwaya kanisani. Asubuhi nilimwamkia kwa Kiswahili, "Shikamoo mama," naye baada ya marahaba alinirudishia "mwangaluka" ya Kisukuma ili nijifunze, na nikikosea kuitikia alicheka peke yake mpaka jikoni.

Alikuwa akiishi na mwanawe wa mwisho kwa upande wa wanaume, kijana wa miaka thelathini na kidogo. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimempunguza kazi pamoja na wenzake wengi, na tangu hapo alikuwa mtu wa mipango. Mwezi mmoja alikuwa anauza mapanki, yale mabaki ya sangara yanayobaki kiwandani baada ya minofu kuondoka. Mwezi uliofuata alikuwa anakodisha kanda za video. Sikumwona akilala mchana hata siku moja. Tulielewana upesi, kwa kuwa na mimi nilikuwa mtu wa kuanza upya.

Sasa, wakati ule pale mjini kulikuwa na maneno. Ukipita Makoroboi, kwenye meza za wachuuzi, ungesikia kwamba kuna wageni wanatafuta rupia na shilingi za zamani, si za kukaa nazo bali za kitu fulani kilichomo ndani yake. Namna ya kuitambua yenye kitu hicho, walisema, ni kuiweka karibu na mchele. Ya kweli itauvuta. Punje zitaisogelea zenyewe kama kuku wanavyomsogelea mwenye pumba. Nimewahi kukaa kwenye kibanda na watu wazima, mmoja wao mwalimu, wote tumeinamia sahani ya mchele, hakuna anayepumua karibu nayo asije akausukuma kwa pumzi. Nilijua haiwezekani. Hata hivyo niliinama.

Jumatano moja nilirudi kutoka bandarini mchana, maana meli ilikuwa imekwama. Ilikuwa miaka ambayo magugu maji yalikuwa yameifunga gati kwa zulia la kijani, na meli zilikuja zilipoweza. Nilimkuta yule kijana uani, mbele ya beseni, mikono imepauka kwa majivu. Juu ya gunia lililotandazwa zilikuwa zimeanikwa senti kumi nyingi, zote za tundu, zinameta kama zimetoka kiwandani. Kando kulikuwa na maganda ya ndimu na sahani ya mchele.

"Kaka, mtaalamu," akaniambia, "njoo uone. Nimezisugua zote. Zamani hizi zilikuwa nyeusi kama sufuria."

"Kwa nini umezisugua?"

"Sarafu ikiwa na uchafu haivuti. Wanasema lazima iwe uchi kabisa."

"Na imevuta?"

"Bado." Akatazama mchele kwa huruma, kama ndio wenye kosa. "Pengine ni mchele huu. Ni wa kutoka Magugu, huko mbali. Labda unatakiwa wa hapahapa."

Nilikaa naye. Sikutaka kumwambia kwamba mtu anayenunua sarafu angezipenda zaidi zikiwa nyeusi, kwa sababu shaba iliyosuguliwa kwa majivu haiwezi tena kurudi ilivyokuwa. Kazi ilikuwa imeshakwisha, na alikuwa na furaha. Nilianza kuzigeuzageuza. Zilikuwa za wafalme wote, zimechanganyika na za malkia aliyetawala mwishoni, nyingine zimechakaa sana, nyingine kidogo. Nilimwuliza zimetoka wapi.

"Kopo la mama. Lile la chini ya kitanda. Zilikuwa zimetungwa kwenye kamba ya katani, kama alivyozihifadhi marehemu baba tangu alipokuwa na duka."

"Zote?"

"Karibu zote. Moja ilikuwa peke yake, imefungwa kwenye kitambaa, ina ukanda wa ngozi. Nikaukata ukanda. Nimekwambia, lazima iwe uchi."

Akacheka, nami nikacheka. Tulikuwa bado tunacheka mama yake alipoingia kwa mlango wa nyuma na dagaa zake kichwani, akatua ungo, akazitazama zile sarafu kwenye gunia. Hakupaza sauti. Sijawahi kumsikia akipaza sauti nje ya kwaya.

"Ile ya bibi yako iko wapi?" aliuliza.

Kijana akatazama gunia.

Nilichokuwa sijui ni hiki. Binti mdogo wa yule mama alikuwa ameolewa Ukerewe, na alikuwa amejifungua mtoto wa kike miezi michache nyuma. Jumapili angekuja na meli kumleta mtoto nyumbani kwa mara ya kwanza. Wajukuu wengine wote walikuwa wamepewa majina ya upande wa baba zao. Huyu ndiye wa kwanza kupewa jina la yule bibi, mama mzazi wa mwenye nyumba wangu, na katika ukoo wao mtoto anayerithi jina hupokewa mlangoni na kitu alichokivaa mwenye jina, nacho kwa jina lile kilikuwa ile senti. Hugusishwa nayo kifuani, kisha mama yake huivaa shingoni mpaka mtoto ajue kutembea. Marehemu bibi mwenyewe aliivaa shingoni tangu usichana wake. Alikuwa nayo siku ya harusi yake, na siku anakufa ilivuliwa, ikafungwa kwenye kitambaa, ikasubiri jina lake lirudi. Ilikuwa imesubiri miaka mingi. Jumapili ilikuwa siku yake.

"Ilikuwa nyeusi," mama alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. "Nyeusi kwa samli na jasho. Ningeijua gizani. Sasa hizi zote ni wanawali."

"Mama, zote ni senti kumi," kijana akasema taratibu.

"Na wewe ni mwanaume, na jirani naye mwanaume. Nimwite yeyote aje aniite mama?"

Kijana akaanza kuokota maganda ya ndimu.

Mimi niliingia chumbani. Muda si muda kijana alikuja akasimama mlangoni, ameegemea mwimo. Aliongea kwa sauti ya chini.

"Kaka, mama ana imani na wewe. Chagua moja. Iliyochakaa kidogo. Mwambie kitabu chako kinasema ndiyo hii. Ataridhika, mtoto atapokewa, maisha yataendelea."

Nakiri kwamba lilikuwa pendekezo la huruma. Hakulisema kwa ujanja. Macho yake yalikuwa mekundu. Lakini niliwaza jinsi mama yule atakavyomvalisha binti yake senti ya dukani, na kila siku akiitazama, mimi nikiwa nimeshahamia mji mwingine na begi langu, nikijua kwamba siyo yenyewe.

"Tujaribu kwanza kuitafuta yenyewe," nikamwambia. "Haijapotea. Ipo pale kwenye gunia."

"Utaijuaje?"

Nilichukua kioo changu cha kukuzia nikatoka nacho uani.

Nilimwomba mama akae karibu. Nilimwuliza kama anakumbuka mwaka ulioandikwa.

"Mwanangu," alisema, "nani anasoma senti ya mama yake?"

Nikamwuliza alizaliwa lini. Akasema hajui tarehe, ila alizaliwa mwaka ule treni ya kwanza ilipofika Mwanza. Mama yake alikuwa akimwambia kwamba alisikia honi yake akiwa na uchungu wa kuzaa, akadhani ni ng'ombe wa jirani.

Hapo nilipata pa kuanzia. Kama bibi alikuwa nayo siku ya harusi, na mama alizaliwa mwaka wa treni, ambao sisi wa bandarini tunaujua kuwa 1928, basi senti ile ilipigwa kabla ya treni. Nikaanza kutoa. Za malkia zilitoka kwanza.

"Hizi ni za juzi," nikamwambia.

"Wakati huo nilikuwa nimeshazaa watatu," akasema. "Toa."

Zikatoka za mfalme wa mwisho, nene kwa nyembamba. Ikatoka ile moja ya mfalme aliyeacha kiti, ambayo mchana mwingine ningeiomba niishike kidogo. Nikabaki na za yule mfalme wa kwanza, aliyewatangulia hao, ambaye kwenye shilingi ana ndevu. Kati ya hizo nikatoa zote zilizopigwa baada ya treni, na nyingine mbili ambazo mwaka wake haukusomeka kabisa nikaziweka kando bila kuzitupa. Kijana alikuwa amechuchumaa nyuma yangu, akirudia kila mwaka niliousoma kana kwamba tunaita namba za bahati nasibu.

Zilibaki chache, za kujaa kiganja kimoja. Zote kitabu changu kingeziita takataka. Nilizipitisha moja moja kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutafuta kisichochakaa. Nilitafuta zilivyochakaa.

Senti iliyotungwa na wenzake kwenye kamba ya duka husuguana na jirani zake pande zote mbili. Inaisha sawasawa, uso na mgongo. Lakini iliyovaliwa peke yake, upande mmoja unalala juu ya ngozi ya mtu na upande mwingine unatazama nje. Mwendo wa miaka mingi wa kifua kupanda na kushuka hufanya kazi kama msasa laini. Halafu kuna ukanda. Ukanda wa ngozi hupita mahali pamoja tu kwenye tundu, na mahali hapo shaba hulika, kidogokidogo, mpaka panakuwa na kijichongo unachoweza kukihisi kwa ukucha. Majivu na ndimu huondoa weusi. Hayawezi kurudisha shaba iliyolika.

Niliyagusa matundu yake. Nyingi, pamoja na zile mbili za kando, zilikuwa laini pande zote. Mbili zilikuwa na kijichongo.

"Mbili," kijana akasema. Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda kwa matumaini, sasa ikateremka. "Mbona mbili?"

"Labda marehemu baba aliinunua moja kwa mtu aliyekuwa anaivaa," nikasema. "Watu walikuwa wananunua chumvi kwa mapambo yao mwaka wa njaa."

"Ni kweli," mama akasema. "Walikuja dukani wanafungua shingo zao."

Moja ilikuwa imelika upande wa taji, ule unaoandikwa jina la mfalme. Taji lilibaki kama alama ya kidole kwenye ugali. Upande wa pili, wenye picha ya pembe za ndovu na mwaka, ulikuwa unasomeka bado. Nyingine ilikuwa hivyohivyo, pungufu kidogo. Miaka yake ilikuwa imepishana kidogo tu, na yote ilikuwa kabla ya treni. Nilizitazama mpaka jicho likaanza kutoa machozi. Kitabu hakikuwa na la kunisaidia. Nilikuwa nimefika mwisho wa ninachokijua, nikamwambia hivyo.

"Mama, ni moja kati ya hizi mbili. Zaidi ya hapo nitakudanganya."

Alizichukua, akaziweka moja kila kiganja, akafumba macho. Nilidhani atazitambua kwa mguso. Akafumbua akatikisa kichwa.

"Mikono yangu imeshika jembe mno," alisema.

Kando ya maji wanawake walikuwa wanageuza dagaa juu ya mchanga. Ndege ya samaki ikapita chini juu ya mabati, na kila mtu akangoja ipite, kama tulivyokuwa tumezoea.

"Uliiona wapi mara nyingi?" nikamwuliza, zaidi kwa kukosa la kusema. "Ulipokuwa mtoto. Uliiona akiwa amekaa, amesimama?"

Alifikiri. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alipotua ungo.

"Akinitoa funza," alisema. "Nilikuwa na funza kila kidole. Ananilaza chali, anakamata mguu, anainama na mwiba wake, na ile senti inaning'inia hapa." Akaweka mkono mbele ya pua yake. "Ili nisilie alikuwa ananiambia, usinitazame mimi, mtazame ng'ombe anakunywa maji. Basi namtazama ng'ombe."

"Ng'ombe gani?" kijana akauliza.

"Zile pembe za kwenye senti. Zilikuwa zimeinama, hivi, zinatazama chini kama ng'ombe aliyefika ziwani. Na lile tundu ndiyo maji."

Nilizitazama zile sarafu mbili mikononi mwake. Pembe za ndovu kwenye senti kumi zimelikumbatia tundu kutoka pande zote mbili, na ukiishika senti wima, mwaka ukisomeka, hazijainama. Nilikuwa nimezishika hivyo maisha yangu yote, kwa sababu ndivyo zilivyochapwa kitabuni. Lakini shingoni senti haining'inii kama kitabu kinavyotaka. Inaning'inia kama kijichongo kinavyotaka. Ukanda ukishalala kwenye kitanda chake, senti hurudi palepale kila mara.

"Tunahitaji uzi," nikasema.

Kijana alikwisha simama. Alirudi na ule ukanda wenyewe aliokuwa ameukata, mweusi, umekauka kama mzizi. Vipande vilikuwa viwili, akavifunga fundo. Tukapitisha ya kwanza. Nikaishika juu, nikaiacha itulie. Ikazunguka, ikazunguka tena, ukanda ukateleza ukaingia kwenye kijichongo. Mwaka ulisomeka wima. Pembe hazikuinama.

"Huyo hanywi," mama akasema.

Nikapitisha ya pili. Nadhani nilikuwa nimeacha kupumua, kama kwenye ile sahani ya mchele. Ilikataa kidogo, ikayumba upande, ndipo ukanda ukapata mahali pake, na senti ikageuka taratibu mpaka mwaka ukasimama kichwa chini. Pembe zote zikatazama ardhini.

Mama aliinama, akasogeza uso wake chini ya mkono wangu, karibu sana, kama mtoto aliyelazwa chali. Alikaa hivyo. Ukanda uliingia katika kijichongo bila nafasi ya ziada, kama ufunguo na kitasa chake, na nilipoutikisa makusudi ng'ombe aliinua kichwa, kisha akarudi kunywa.

"Mayu," alisema hatimaye, kwa Kisukuma. Mama.

Kijana alikuwa amegeuka anatazama jiwe la nyuma ya nyumba.

Siku zilizofuata alifanya kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Alikwenda kwa fundi viatu akaomba kipande cha ngozi laini, akakata ukanda mpya wa upana uleule wa zamani, akaupaka samli, akaulainisha kwa kuuvuta kwenye ukingo wa kiti. Alinijia mara nyingi nipime kama unalala vizuri kwenye kijichongo. Mama alitaka na kipande cha ukanda wa zamani kiwemo, kwa hiyo alikishona katikati kwa uzi wa nyavu. Ilitoka kazi nzuri. Nilimwambia, akajibu kwamba labda hii ndiyo biashara aliyokuwa anaitafuta, maana wageni wanaoshuka hotelini wanapenda vitu vya shingoni. Nilimpa vipofu wote wa tundu nilioweza kuwapata kwa majirani. Baadaye aliweka meza Makoroboi, akauza senti za tundu kwenye kanda za ngozi, na akawa anamwambia kila mteja kwa unyofu kabisa kwamba hazivuti mchele.

Jumapili meli ilichelewa kwa ajili ya magugu, lakini ilifika. Binti alipanda kilima na mtoto mgongoni, jasho linamtoka, na kwaya nzima ilikuwa uani kwa kuwa mama alikuwa ameialika. Mlangoni mama mwenye nyumba alimpokea mtoto, akamwita kwa jina la mama yake, akamgusisha senti kifuani. Mtoto alipiga chafya. Wakacheka, wakasema bibi alikuwa na pua hiyohiyo.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni karibu na mtungi. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza mji mwingine. Nilikuwa nasikia kuna kazi Musoma. Sikuondoka mwezi ule, wala uliofuata. Kopo langu la tumbaku nilikuwa nimelimwaga kitandani siku moja kabla, nikazitazama zile sarafu zangu zote zinazoona vizuri, nyusi zimesimama, kingo kali. Hazikuwa zimewahi kulala juu ya ngozi ya mtu. Sikuzitupa. Lakini tangu siku hiyo, nikipewa sarafu ya tundu, kabla sijatafuta mwaka wala herufi, napitisha ukucha ndani kwanza.

Baada ya chakula binti alikaa kwenye mkeka, akamlaza mwanawe chali ili ambadilishe nepi. Aliinama, na ile senti ikatoka kwenye blauzi yake ikaning'inia, ikazunguka, ikatulia kichwa chini. Mtoto aliacha kulia. Macho yake yalitafuta, yakaipata, na mkono mdogo ukaanza kupanda hewani, unakosea, unarudi.

Mjomba wake alikuwa anakula wali kando yangu. Aliutazama ule mkono unavyopanda, akaitazama sahani yake.

"Kaka," akaninong'oneza, "mtaalamu. Inavuta."